Punguza Digrii Moja

Nimeandika makala 31 kuhusu boila za Uingereza na sijawahi kuigusa hata moja. Naishi Kinoo, bedsita ya orofa ya tatu. Mwezi wa saba huwa naandika nikiwa ndani ya blanketi, soksi mbili kila mguu, laptopu mapajani kwa sababu ndiyo kitu pekee chenye moto humo ndani. Mteja analipa senti moja ya dola kwa neno, anataka maneno 800, na swali halibadiliki: themostati ya nyumba iwekwe digrii ngapi ili bili ishuke?

Wengi wenu mnaijua kazi hii. Kuna wanaojilipia karo nayo, na kuna sisi tulioiingia baada ya karo kutushinda. Mimi niliacha uhandisi mwaka wa pili, joto na mvuke ndiyo somo la mwisho nililofanyia mtihani. Kwa hivyo nilitoka chuo bila digrii, nikaanza kuwauzia Waingereza digrii, moja moja.

Jibu nililouza lilikuwa lilelile kila wiki. Weka themostati kati ya 18 na 21. Bili ikikulemea, punguza digrii moja. Ukizoea, punguza nyingine. Vaa sweta. Vaa soksi nzito. Funga pazia jua likizama. Makala hazibebi jina langu, zinabebwa na tovuti ya mtu mwingine, na mimi nalipwa Ijumaa. Sikuona ubaya wowote. Ushauri wa kuvaa soksi ungemuua nani?

Basi mwaka jana, mwezi wa kwanza, anti yangu akanitumia kiungo kwa WhatsApp. Anti ni dada mdogo wa mathe. Alienda Leeds na visa ya wahudumu wa afya, anatunza wazee nyumbani kwao: anawaogesha, anawalisha, anawapa dawa, anahakikisha hawakai kwenye baridi. Ujumbe ulisema: "Soma hii, mtoto wangu, itakusaidia na hiyo kazi yako ya kuandika. Wanasema ukipunguza moja unaokoa. Mimi nimeshuka hadi 16."

Nikafungua. Sentensi ya kwanza niliijua kabla sijaimaliza. Ilikuwa yangu.

Sikumwambia siku hiyo. Nilimuuliza tu nyumba iko vipi. Akaniambia themostati iko kwenye korido. Chumba chake kiko nyuma, ukuta wake ni wa nje, matofali ya zamani yasiyo na kitu cha kuzuia joto. Alikuwa amenunua kipimajoto kidogo, akakiweka juu ya meza ya kitanda. Korido ikisoma 16, kitanda kilikuwa kinasoma 13. Kuvu nyeusi ilikuwa imeota nyuma ya kabati. Alikuwa anakohoa tangu Krismasi, na kikohozi kilishamkosesha zamu tatu. Zamu usiyofika hailipwi.

Gesi na stima za nyumba hiyo ni za tokeni, kama zetu. Anapeleka kadi dukani, anaweka pesa, anarudi kuilisha mita. Alicheka akiniambia: "Nilitoroka tokeni Nairobi, nikazikuta huku zimenitangulia." Pesa anayoweka Jumapili ilikuwa inaisha Alhamisi asubuhi.

Sisemi makala yangu ndiyo iliyompa kikohozi. Nasema hivi: mtu aliyekuwa na baridi aliomba ushauri, nami nikamwelekeza kwenye kitufe cha kumwongezea baridi, wakati kulikuwa na kitufe kingine. Na nilikijua. Hilo ndilo linanichoma.

Hebu nieleze, maana ugomvi wangu wote uko hapa.

Boila ya nyumbani ni kitu rahisi. Gesi inawaka, inapasha maji, pampu inayasukuma kwenye mabomba hadi kwenye rejeta za vyumbani. Jina ni la rejeta ya gari lakini kazi ni kinyume: ya gari inatupa joto lisilotakiwa, ya nyumba inatoa joto linalotafutwa. Maji yakishapoa kidogo yanarudi kwenye boila kupashwa tena. Boila nyingi za siku hizi hazina tangi, zinapasha pia maji ya bafuni papo hapo unapofungua mfereji.

Kwenye mfumo huo kuna vitufe vya aina tatu, na watu huviita vyote "joto".

Cha kwanza ni themostati ya ukutani. Inapima hewa ya mahali ilipo, basi. Ikiwa iko kwenye korido, inajua habari za korido. Ile ya kawaida kazi yake ni kuiambia boila washa au zima. Ukiizungusha hadi 25 nyumba haipati joto haraka zaidi. Itawaka kwa muda mrefu zaidi tu.

Cha pili ni vile vifundo vilivyo kwenye rejeta zenyewe, vyenye namba 1 hadi 5. Hizo si digrii. Ni kama namba za jiko la stima, zinaruhusu maji ya moto mengi au machache kuingia.

Cha tatu kiko kwenye boila yenyewe, pembeni ya alama ndogo ya rejeta. Hiki kinaamua maji yanayotoka kuelekea vyumbani yawe na joto kiasi gani. Si joto la chumba, ni joto la maji. Hiki ndicho makala zangu zilikuwa zinakiruka.

Kwa nini kina maana? Tangu Aprili 2005, Uingereza na Wales, boila mpya ya gesi kwa kawaida lazima iwe ya aina inayonasa mvuke. Gesi ikiungua inatoa moshi wenye mvuke wa maji ndani. Mvuke ukipoa ukawa maji, unaachilia joto lote uliolibeba. Kila aliyewahi kufunua sufuria ya ugali kwa pupa anajua mvuke una moto wa kisirisiri. Boila hizi zimetengenezwa kulidaka joto hilo kabla halijatoka kwa bomba la moshi. Lakini kuna sharti: maji yanayorudi kutoka kwenye rejeta lazima yawe yamepoa hadi chini ya digrii 55 hivi. Yakirudi na moto kuliko hapo, mvuke haupati pa kupoea, unaenda zake nje pamoja na pesa yako.

Sasa, boila nyingi zimeachwa zikitoa maji ya digrii 75 au 80. Yakizunguka nyumba yanarudi bado ya moto. Yaani mtu ameuziwa boila ya kunasa mvuke, halafu ikawekwa namna ambayo hainasi mvuke. Ni kama kununua simu ya laini mbili na kuambiwa utumie moja, ila hapa unalipia zote mbili kila siku.

Na usidhani hii ni siri ya mafundi. Mwaka 2022 shirika la Nesta la Uingereza lilifanya kampeni nzima ya kuwaomba watu washushe joto hilo la maji, likikadiria matumizi ya gesi yangepungua kwa karibu asilimia 8. Desemba mwaka huohuo serikali yao nayo ikatoa ushauri rasmi: teremsha kutoka 75 hadi 60. Juni 2022, kanuni za ujenzi za England zilikuwa zimeshaanza kutaka mifumo mipya ya kupasha nyumba ipangwe kufanya kazi na maji ya digrii 55 au chini. Wanajua. Wamejua na wameandika.

Lakini kanuni hiyo ni ya mifumo mipya. Anti yangu anaishi na boila ya zamani ya mwenye nyumba.

Nilipoanza kuweka aya ya kitufe cha tatu kwenye makala zangu, mteja aliirudisha na maelezo mafupi. Wasomaji wetu wengi ni wapangaji, alisema. Hawapendi kugusa boila ambayo si yao. Ondoa hiyo aya, ongeza kidogo kuhusu soksi.

Isome tena. Mwenye nguvu ya kubadilisha boila hasomi makala kwa sababu bili si yake. Anayesoma ni yule asiyeruhusiwa kuigusa. Kwa hivyo tumwambie kuhusu soksi. Maneno 800, senti moja moja, kuhusu soksi.

Hadithi hii ya sweta ni ya zamani kuliko mimi na wewe. Tarehe 2 Februari 1977, Jimmy Carter alikaa mbele ya kamera Ikulu ya Marekani akiwa amevaa sweta la vifungo, akawaomba raia waweke themostati kwenye 65 mchana na 55 usiku kwa kipimo chao cha Fahrenheit. Hiyo ni kama 18 na 13 kwa kipimo chetu. Gesi ilikuwa imekuwa haba msimu ule wa baridi, na sitamlaumu rais kwa kuomba watu wabane. Lakini ona kilichobaki kwenye kumbukumbu: sweta. Tangu hapo kila gesi ikipanda bei, anatokea mtu mwenye nyumba yenye joto kuwaambia wengine wavae sweta. Joto likageuka kuwa swali la tabia. Mwenye baridi ni mvumilivu, mwenye joto ni mbadhirifu.

Inanikumbusha themostati yenyewe ilivyozaliwa. Mwaka 1883 mwalimu mmoja wa Wisconsin, Warren Johnson, alisajili kifaa cha stima cha kupima joto la darasa. Shuleni kwake mhudumu alilazimika kuzunguka darasa kwa darasa kuona kama kuna baridi, kisha ateremke kurekebisha moto. Kifaa cha Johnson kilimwita huyo mhudumu kwa kengele. Darasa likipoa, kengele inamlilia mwenye kazi ya moto. Leo tumeigeuza. Nyumba ikipoa, kengele inamlilia mwenye baridi, na inamwambia: wewe ndiye shida.

Hata ile namba 18 tuliiharibu sisi. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu nyumba na afya. Kwa nchi zenye majira ya baridi, lilitaja digrii 18 kuwa kiwango cha chini cha kulinda afya ya watu kwa jumla, na likasema wazee, watoto na wagonjwa huenda wakahitaji zaidi. Kiwango cha chini. Ile 18 ni sakafu, na sisi waandishi wa senti moja tukaigeuza dari. "18 inatosha," tukaandika. Halafu chini yake tukaweka: ukiweza, punguza.

Kama unadhani naongeza chumvi, kumbuka Rochdale. Desemba 2020 mtoto wa miaka miwili, Awaab Ishak, alifariki huko. Novemba 2022 mchunguzi wa vifo aliamua kwamba kilichomuua ni ugonjwa wa kupumua uliotokana na kuishi muda mrefu na kuvu ndani ya nyumba yao ya kupanga. Babake alikuwa amelalamika tangu 2017. Wasimamizi wa nyumba walikuwa wamedhania kuvu inatokana na namna familia ile inavyoishi. Wazazi walitoka Sudan. Mwaka 2023 bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya nyumba za umma yenye kipengele kinachoitwa kwa jina la mtoto huyo. Yule hakuuawa na themostati, na siwezi kusema hivyo. Lakini ile tabia ya kuangalia ukuta mbovu na kuona mpangaji mbovu, hiyo ndiyo ileile. Mimi nimeiandikia makala 31.

Najua mtakayosema.

Mtasema kupunguza digrii kunaokoa kweli. Ndiyo, kunaokoa. Mtu anayekaa kwenye 23 na fulana Januari, apunguze, asinitafute. Lakini makala haimuulizi msomaji amefika digrii ngapi. Inamwambia tu apunguze. Aliye kwenye 23 na aliye kwenye 16 wanapewa dawa moja.

Mtasema dunia inachemka, gesi ichomwe kidogo. Nakubali, tena sisi ndio tunaokosa mvua huku. Basi tuanze na ile gesi inayotoka kwa bomba la moshi bila kumpasha mtu yeyote. Kitufe cha tatu kinapunguza gesi na chumba kinabaki na joto lilelile. Anayeruka hicho na kukimbilia mwili wa mhudumu wa zamu ya usiku hana haraka na hali ya hewa. Ana haraka na mtu asiyeweza kumjibu.

Na mtasema, kama cucu wangu wa Njabini alivyosema: baridi gani hiyo, sisi tumelala na barafu kwenye majani tangu tuzaliwe. Cucu namheshimu, na hiyo baridi nimeilala. Lakini Njabini saa nne asubuhi jua linafika, unatoka nje, unaota, blanketi zinaanikwa. Leeds mwezi wa kwanza jua linazama saa kumi jioni, na ukuta ulioshika unyevu Novemba bado una unyevu Machi. Anti aliniambia kitu ambacho hakuna mteja angenilipa kukiandika: "Baridi ya nje haina shida, unaivalia. Ya ndani inakungoja kitandani."

Kuna jambo moja dogo ambalo ningelitaka badala ya makala zote. Uingereza, sheria inamtaka mwenye nyumba ya kupanga amwite fundi aliyesajiliwa wa gesi kila mwaka akague usalama wa boila. Kila mwaka. Fundi anaingia, anafungua kifuniko, anajaza fomu, mwenye nyumba analipa. Siku hiyohiyo, kwa dakika tano zaidi, aweke joto la maji inavyofaa, amwonyeshe mpangaji kitufe kilipo, aandike kwenye fomu. Fundi yuko hapohapo na boila iko wazi mbele yake. Isipofanyika, ni kwa sababu asiyelipa bili ndiye mwenye boila.

Anti hakungoja sheria. Nilimpigia, nikamwambia ukweli kwamba makala ni yangu. Alinyamaza kidogo, halafu akauliza: "Na walikulipa?" Nikasema ndiyo, dola nane. Akasema, "Haya, sasa nifanyie kazi bure."

Tukafanya kwa video. Nilimwambia kwanza amwandikie wakala wa nyumba, ajibiwe kwa maandishi, ili asije akalaumiwa. Jibu lilichukua siku tisa: fanya, mradi usifungue kifuniko. Boila yake haina tangi. Kitufe cha alama ya mfereji tukakiacha. Kile cha alama ya rejeta kilikuwa 78. Tukakishusha hadi 60. Halafu nikamwambia arudishe themostati ya korido kwenye 19 na asiiguse tena kwa ajili yangu wala ya mtu mwingine.

Haikuwa muujiza. Rejeta hazikuwa tena za kuunguza mkono, na nyumba ilichukua muda zaidi kupata joto, kwa hivyo anaiwasha mapema kidogo. Ile wiki ya theluji aliipandisha hadi 65, ikapita, akairudisha. Pesa ya Jumapili iliyokuwa inaisha Alhamisi asubuhi na themostati ikiwa 16 bado inaisha Alhamisi asubuhi, lakini sasa anakaa kwenye 19. Alijaribu wiki moja kwenye 18, ikafika Alhamisi jioni. Nusu siku. Akasema hapana, nusu siku yao wabaki nayo, nirudishe 19.

Hiyo nusu siku ndiyo kipimo changu cha ukweli sasa. Vitufe vyote vya dunia, ukivipanga vizuri, vinakupa kiasi hicho. Kilichobaki ni ukuta wa mwenye nyumba, bei ya gesi, na mshahara wa mtu anayelipwa kuwapasha wengine joto. Hakuna themostati inayofika huko, na makala inayojifanya inafika ni uongo. Niliiandika mara 31, kwa hivyo najua ninachosema.

Yule mteja tumeachana. Mwingine ananiruhusu aya moja ya kitufe cha tatu ikiwa sitaigusa ile ya sweta. Nimekubali, kodi ya Kinoo haingoji usafi wa moyo. Lakini kama wewe pia unaandika hizi kazi, na najua mko wengi, weka hiyo aya. Wakiitoa, iweke tena kwenye makala ijayo.

Na kama una mtu huko, mpigie leo. Mwambie atafute alama ya rejeta kwenye boila. Kama haina tangi, ajaribu 60 baada ya kumwandikia mwenye nyumba. Kama ina tangi la maji moto, aache fundi apange, maana maji ya tangi yanatakiwa kuhifadhiwa kwenye 60 ili bakteria wasizaliane humo. Kama kuna mzee, mtoto mchanga au mgonjwa, chumba kisishuke chini ya 18 hata makala iseme nini.

Soksi usimwambie. Ameshavaa.